Chuma ni chuma? Historia ya jedwali lililonishinda

Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na najua wapo waliodhani nimepata kazi nono Nairobi nikawasahau. La. Nilikuwa nyumbani, mguu mmoja Meru na mwingine Embu, nikipigana na jedwali moja la kanzidata. Jedwali lenyewe niliandika kwa siku moja tu. Kulibomoa ndiko kulikonichukua wiki tatu. Ni jedwali la vyuma. Leo nitasimulia yaliyonikuta, lakini zaidi nitasimulia historia niliyolazimika kuisoma ili nielewe kosa langu, maana chuo kikuu tulikaa miaka minne tukichora majedwali ya wanafunzi na masomo yao, na mwanafunzi ni rahisi: ana jina, ana namba, basi.

Kwanza mkasa.

Mjomba wangu ni fundi wa chuma. Yeye na wenzake wana kikundi cha jua kali nje kidogo ya mji wa Embu. Wanatengeneza milango, mikokoteni ya punda, majiko, na mashine za kukatia nepia za ng'ombe. Stoo yao ina vyuma vya kila namna, vingine vipya vya dukani, vingine chakavu vya kununua kwa kilo. Mwaka jana alinipigia simu: "Wewe si ndiye msomi wa kompyuta? Njoo unipangie hii stoo, vijana wananimalizia mali." Nikaenda. Nikamwandikia programu ndogo ya simu. Kila kipande kikiingia kinaandikwa aina, umbo, kipimo na idadi. Safu ya aina ilikuwa na chaguo sita: chuma, chuma cha pua, shaba, bati, alumini, nyingine. Nilijiona bingwa. Hata rangi za vitufe nilichagua vizuri.

Miezi michache baadaye kijana mmoja anayejifunza kazi pale alihitaji shafti ya milimita 30 kwa mashine ya nepia. Simu ikamwambia: chuma, mviringo, mm 30, vipande vitatu. Ukweli ni kwamba viwili vilikuwa chuma laini cha dukani, na kimoja kilikatwa kwenye ekseli ya gari kuukuu. Kwa kanzidata yangu vyote vilikuwa kitu kimoja. Kijana akachukua kile cha ekseli, akakichomelea kwenye gurudumu la visu kama alivyozoea kuchomelea chuma laini, bila kukipasha moto kwanza.

Chuma laini hakina kisirani, unakichomelea kikiwa baridi na hakuna neno. Cha ekseli kina kaboni nyingi zaidi, na mara nyingi kromi juu yake. Ukikichomelea kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya weldi inapoa ghafla na kuwa ngumu kama kioo, na ndani yake huweza kuingia nyufa ambazo jicho halizioni. Wiki ya pili shafti ikakatika huku mashine inazunguka. Gurudumu na visu vyake likapasua ukuta wa mabati wa zizi na kwenda kutua migombani. Mama mwenye ng'ombe alikuwa ameinama kuokota fungu la nepia. Kuinama huko ndiko kulikomwokoa.

Mjomba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua kipande cha dukani na kile kilichokatika, akaviweka kwenye grainda kimoja baada ya kingine, akaniambia nitazame cheche. Za chuma laini zilitoka ndefu, zenye matawi machache. Za ekseli zilitoka fupi na kupasuka kama nyota ndogo ndogo, nyingi. "Umeona, mpwa wangu?" akasema. "Vyote hivi wewe uliviita chuma."

Nilirudi kwenye kompyuta nikiwa na nia ya kuongeza chaguo mbili tatu kwenye safu ya aina. Ndipo nilipoanza kuteleza.

Tazama maneno yenyewe tuliyo nayo. Kiswahili kina maneno mazuri ya metali, lakini kila neno limebeba historia yake mgongoni. Shaba ni nini? Ni ile nyekundu ya nyaya za umeme, na ni ile ya manjano ya vitasa na bomba za maji, ambayo ni nyekundu hiyo hiyo ikichanganywa na zinki. Wazee walitofautisha kwa rangi: shaba nyekundu na shaba ya manjano. Mimi kwenye programu niliandika shaba tu, nikafuta kwa kitufe kimoja tofauti ambayo kila mnunuzi wa skrapu anaijua, maana bei zake haziko karibu hata kidogo. Sufuria nayo: neno limetoka kwenye Kiarabu, sufr, ambayo ni shaba ya manjano. Leo ukitaja sufuria mtu wa Meru anaona alumini. Jina la metali lilihamia kwenye chombo, kisha chombo kikabadili metali, jina likabaki palepale.

Na bati ndiyo kichekesho kikubwa. Bati ni metali yake peke yake, laini, inayeyuka kwenye nyuzi 232 tu, ndiyo mafundi wa redio wanayoichanganya na risasi kulehemia. Mabati ya nyumba hayana bati. Ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki, na siku hizi mengi hupakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Kukunja karatasi ya chuma mawimbi mawimbi kulipewa hataza huko London mwaka 1829, hati ya Henry Palmer; kupaka zinki kulipewa hataza Ufaransa mwaka 1837, ya Stanislas Sorel. Kitu kilipofika kwetu tulikiita kwa kufananisha na debe la mafuta ya taa, ambalo kweli ni chuma kilichopakwa bati. Kwa hiyo kwenye kanzidata yangu debe, paa na waya wa kulehemia vyote vilikuwa bati. Na kwa lugha tu, sikukosea! Ndilo tatizo.

Hata chuma kigumu kina majina yake ya kale. Kuna pua, na kuna feleji, ile ya panga za kifahari za pwani. Siku hizi tunasema chuma cha pua tukimaanisha kile kisichoshika kutu, cha masinki na vijiko. Pua ya zamani ilikuwa chuma kigumu tu, na kutu ilikuwa inaishika vizuri sana.

Hapo nikajiuliza: kabla ya maneno ya pwani na ya dukani kufika huku mlimani, mtu wa Embu au Meru aliainisha vipi chuma? Maana chuma kilikuwapo. Mhunzi huku anaitwa muturi, na upande wa mama yangu, Mbeere, ukoo una waturi ndani yake. Wengine mtakumbuka utoto: unavunja spika ya redio iliyokufa, unatoa sumaku, unaikokota barabarani baada ya mvua, na inaota ndevu nyeusi za mchanga. Sisi tulifanya hivyo kwenye kijito, tukajaza kopo, tukalitupa. Hatukujua kwamba tunachezea malighafi ya babu zetu. Ule mchanga mweusi una madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, yaliyotoka kwenye miamba ya volkano na kuoshwa na mito.

William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walioandika juu ya Wakikuyu katika kitabu kilichotoka mwaka 1910, waliona kazi hiyo kabla haijaisha: mchanga unakusanywa mtoni, unaoshwa mpaka ubaki ule mzito, kisha unayeyushwa kwa makaa huku viriba vya ngozi ya mbuzi vikivukutwa. Kwa Mbeere yenyewe, Jean Brown aliandika mwaka 1971 makala juu ya uhunzi wa Mbeere ya kusini, na mwaka 1995 kikatoka kitabu chake kuhusu ufuaji wa metali wa jadi Kenya nzima. Jirani kidogo na Meru, upande wa Laikipia, Louise Iles na Marcos Martinón-Torres walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa mavi ya chuma (ndiyo, ndilo jina lake halisi, msinicheke) wakakuta titani kwa wingi. Titani ni sahihi ya mchanga mweusi. Kwenye joto la tanuri lile titani haigeuki kuwa metali, inabaki kwenye mavi, na ndiyo maana mavi yanaweza kukwambia leo chuma kilitengenezwa na nini hata kama chuma chenyewe kiliisha kuwa mikuki na majembe miaka mingi iliyopita.

Nimesema unayeyushwa, lakini neno hilo linadanganya kidogo. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Tanuri la udongo na viriba hufika kama 1200 au zaidi kidogo. Kwa hiyo kinachoyeyuka ni mavi, chuma kinabaki bonge la sponji lililojaa matundu. Na bonge hilo halina hali moja. Upande uliokuwa karibu na upepo na upande uliofukiwa kwenye makaa hutoka tofauti: hapa laini, kule kimefyonza kaboni kikawa kigumu, katikati kuna mavi yaliyonaswa. Muturi alilipasua, akalipiga, akatenga. Kipande kinachotii nyundo kinakuwa kitu kimoja, kinachorudisha nyundo kinakuwa kingine. Uainishaji wake ulikuwa kwenye mkono na sikio, na ulifanywa kipande kwa kipande. Kuuliza "bonge hili ni chuma cha aina gani?" kungekuwa swali la kijinga kwake, sawa na kumuuliza mtu shamba lake lote lina udongo wa aina gani.

Na elimu hiyo haikuwa ya kila mtu. Uhunzi ulienda kwa ukoo, na laana ya muturi iliogopwa kuliko laana nyingi nyingine. Kwa macho ya mtu wa programu naona kitu kingine hapo: kanzidata yote ilikuwa ndani ya vichwa vya watu wachache, bila nakala ya akiba.

Kisha ukaja waya.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilibeba vitu vitatu vikubwa vya kubadilishana: nguo, ushanga na waya. Waya wa chuma, wa shaba nyekundu na wa shaba ya manjano. Bidhaa hizi zilifika hadi miteremko ya Kirinyaga, nyingi kupitia Wakamba waliokuwa wachuuzi hodari kati ya pwani na mlima, baadaye na misafara ya Waswahili wenyewe iliyofuata pembe za ndovu. Na waya ulikuja na jambo jipya kabisa katika historia hii: namba. Henry Morton Stanley, alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, aliambiwa kwamba waya unaofaa kwa biashara bara ni namba 5 na 6. Hebu fikiria. Mtu wa bara, ambaye hajawahi kuona Birmingham, anakataa waya kwa sababu si namba inayotakiwa. Huo ni msimbo wa bidhaa, kama ule tunaoweka kwenye jedwali, na umeshatembea maili mia kadhaa kichwani mwa mpagazi.

Ila ni msimbo wenye kasoro ambayo mtu yeyote aliyewahi kurithi kanzidata ya mwingine ataitambua. Kwanza unakwenda kinyume: namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, kwa sababu ulihesabiwa kwa mara ulizovutwa kupita kwenye tundu. Pili, namba haina maana bila kujua ni ya nani. Waya namba 5 kwa kipimo cha kale cha Birmingham ni milimita 5.59. Kwa kipimo cha serikali ya Uingereza kilichoanza kutumika mwaka 1884, namba 5 hiyo hiyo ni milimita 5.38. Nani aliandika kwenye robota ni kipimo kipi? Tatu, namba inasema unene tu. Haisemi hata kama ni chuma au ni shaba.

Na usidhani huo ni mzaha wa zamani. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi leo, Meru au Embu au kwingine, uliza mabati. Utaulizwa: geji 28, 30 au 32? Geji ni mjukuu wa namba za waya wa Stanley. Geji 28 kwa kipimo kile cha 1884 ni milimita 0.376. Kwa jedwali la Wamarekani la karatasi zilizopakwa zinki, geji 28 ni kama 0.475. Mtu anajenga nyumba ya maisha yake kwa namba ambayo haina mwenyewe. Mimi siku hizi nabeba maikromita mfukoni, na wauza mabati wananitazama kama mtu wa kodi.

Waya ndio ulioua tanuri. Kwa nini ukeshe ukiosha mchanga na kuchoma misitu ya makaa wakati chuma safi kinakuja kimekunjwa kama kamba? Muturi aliendelea kufua, lakini alifua chuma cha wengine. Waingereza walipoweka boma Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, majembe na mapanga ya kiwandani yakafuata, na sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya kutoa chuma mchangani, ikapotea, na pamoja nayo maneno yake. Ile ya pili haikufa. Ilibadilisha malighafi tu. Leo panga zuri la fundi wa kijijini linatoka kwenye springi ya lori.

Nikafika sasa kwenye viwango vya wenye viwanda, nikitarajia kwamba hapa hatimaye mambo yamepangwa. Yamepangwa, tena na kila mtu kivyake. Uingereza, mwaka 1941, katikati ya vita, ilipunguza utitiri wa majina ya vyuma ikatoa orodha moja yenye herufi En na namba: En8, En24, En45. Miaka ya 1970 mwanzoni wakaibadili kwa misimbo ya herufi na tarakimu sita. En8 ikawa 080M40, na hapa lazima nikiri walifanya kazi nzuri: 080 inakwambia manganizi ni kama asilimia 0.80, na 40 inakwambia kaboni ni kama asilimia 0.40. Jina lenyewe limebeba data. Kisha vikaja viwango vya Ulaya, ambavyo navyo vinaanza na herufi EN, lakini maana yake ni nyingine kabisa! Yaani EN 8 ya karatasi ya bei ya duka na EN 10083 ya cheti cha kiwandani hazina undugu wowote. Mimi nilikesha usiku mmoja mzima nikitafuta uhusiano wao. Jina la 1941 lilifutwa kabla sijazaliwa, na bado ndilo fundi wa Kenya analotumia akienda kununua shafti.

Nondo nazo vilevile. Fundi wa ujenzi anasema Y12 na kila mtu anaelewa: nondo ngumu ya milimita 12. Lakini kiwango cha Uingereza tulichorithi, BS 4449, toleo la 1997 kiliipa nondo hiyo nguvu ya 460 kwa milimita ya mraba. Toleo la 2005 likaacha 460, likaweka 500. Jina la mdomoni halikubadilika. Kwa hiyo "Y12" bila mwaka ni nusu ya habari, na mimi sikuwa na safu ya mwaka.

Wamarekani, kwa upande wao, miaka ya 1970 walijaribu kumaliza vurugu kwa mfumo mmoja wa namba kwa metali zote: herufi moja na tarakimu tano. A ni alumini, C ni shaba za kila namna, F chuma cha kusubu, S kisichoshika kutu, T cha kutengenezea vifaa, Z zinki. Ni mfumo safi, na nilipoukuta nilitaka kuumeza mzima. Kisha nikasoma maelezo yake: namba inatambulisha mchanganyiko wa kikemikali, haisemi kama kipande kimechovywa kikawa kigumu au kimepozwa polepole kikawa laini. Vipande viwili vya namba moja, kimoja kinakata kingine. Na zaidi ya hayo, ili upate namba lazima ujue mchanganyiko. Mjomba hana maabara. Ana grainda, sumaku, faili, nyundo, na miaka thelathini.

Siku moja nilimuuliza jinsi anavyochagua springi za kufulia mapanga. Akasema anazo za aina mbili: za malori ya zamani ya Kiingereza na za Kijapani. Haziko sawa, akasema, kwenye moto wala kwenye maji. Nilidhani ni mazoea tu. Nikaangalia. Chuma cha springi cha Kiingereza kilichotumika sana, En45, kina silikoni kati ya asilimia 1.7 na 2.1, bila kromi ya maana. Cha Kijapani kinachotumika sana, SUP9, kina kromi kati ya asilimia 0.65 na 0.95, silikoni kidogo. Kaboni zao zinakaribiana. Kwa jedwali langu zote zilikuwa "chuma, bapa". Kwa vitabu ni familia mbili. Kwa mjomba pia ni familia mbili, na alifika huko kwa kutazama gari lililotoka springi hiyo.

Ndiyo maana safu ya "kimetoka wapi" ni muhimu kuliko nilivyofikiri, na si kwa ufundi peke yake. Mtakumbuka Januari 2022, giza nchi nzima. Minara ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, na Kiambere ni kwetu huku, bwawa la mto Tana upande wa Mbeere. Lawama zikaenda kwa wezi wa vyuma, na tarehe 20 mwezi huohuo rais akasimamisha biashara yote ya skrapu. Miezi kadhaa, hadi marufuku ilipoondolewa, mjomba na wenzake walikaa bila mali, hata ile ya halali. Sheria ya skrapu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara aweke kumbukumbu za anachonunua. Wengi wanaandika kilo na bei. Kipande kikishakatwa na kupimwa kwa kilo, historia yake imekwisha, na nani atathibitisha kilikotoka?

Basi nikabomoa. Jedwali jipya halina safu ya aina kabisa. Kuna jedwali la kipande: umbo, kipimo, picha, kilikotoka. Kuna jedwali la pili nililoliita dai. Kila dai linasema: fulani anasema kipande hiki ni kitu fulani, amejuaje (cheti, duka, cheche, sumaku, faili, gari kilikotoka), tarehe gani. Kipande kimoja kinaweza kuwa na madai matatu yanayopingana, na programu haichagui mshindi, inayaonyesha yote. Jedwali la tatu ni la majina: jina, limetoka kwenye kiwango gani, mwaka gani. Na "haijulikani" sasa ni jibu kamili lenye heshima zake. Kijana akitaka kuchomelea kipande ambacho hakina dai la cheche wala la cheti, simu inampa rangi nyekundu na kumwambia amwite mkubwa. Vijana wanalalamika kwamba inawachelewesha. Inawachelewesha kweli.

Mjomba alipoona safu ya "amejuaje" ndipo alipoanza kuijaza mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sentensi ndefu ndefu ambazo uga wangu wa herufi 50 ulizikata. Nimeongeza hadi 2000. Anaandika vitu kama: inalia vizuri ikigongwa, usichovye majini, chovya mafuta. Sijui niweke wapi mlio. Kwa sasa nauacha kama maandishi.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa guka, baba yake mjomba, Mbeere. Chini ya ghala kulikuwa na kitu kizito kama nusu kilo, cheusi, chenye matundu, ambacho watoto wamekuwa wakikitumia kuzuia mlango. Sumaku ya spika ilikinasa. Guka anasema kilikuwa cha babu yake. Tulikiingiza kwenye simu pale pale, picha na uzito. Kimetoka wapi: mtoni. Jina: haijulikani. Kulikuwa na neno la bonge likiwa katika hali hiyo, kabla halijapasuliwa, na neno jingine la sehemu yake ngumu, guka alilisikia akiwa mtoto, akajaribu mara tatu kulikumbuka na halikuja. Kama kwenu Mbeere, Tharaka, Igembe au Chuka yupo mzee anayeyajua maneno hayo, tafadhali muulize mapema, uniandikie na jina la mto.